Gwrgan Mwenye Kiu

Kila Alhamisi jioni Heledd alipita maktaba ya mji kumchukua baba yake. Leo aliingia mbio.

"Baba, kaka Macsen anakata roho! Daktari kashindwa. Anavuta pumzi moja, halafu kimya... Na chumba kizima kinanuka maji ya kisima."

Mzee Idwal, aliyezeekea kwenye kamusi yake ya wafalme na mashujaa wa kale wa Wales, aliangusha miwani.

"Kaka yako kasema nini?"

"Jana baa kawachekesha watu. Eti Gwrgan Mwenye Kiu hajawahi kuwepo, umemtunga wewe."

"Ni kweli," baba alinong'ona. "Ni mtego, mwanangu. Sisi watunga kamusi huchomeka shujaa mmoja wa uongo. Mwizi akimnakili, tumemnasa."

Heledd alifunua ukurasa wa kamusi.

*Gwrgan Mwenye Kiu. Huwajia wasemao hayupo, akawanywa pumzi. Hawavuki machweo ya pili.*

Dirishani, jua lilikuwa limebaki kidole kimoja.

"Kumnasa mwizi tu, ndiyo utunge muuaji? Ungetunga mpika uji ungepungukiwa nini?"

"Nani angemwiba mpika uji?"

Ukumbini, juu ya sakafu ya mawe...

Ko.

Hatua ya chuma.

Ko.

"Baba, hukuandika kifo chake."

"Sikuona haja..."

Heledd alimpokonya kalamu. Vitabu vya maktaba ile havitolewi nje wala haviandikwi ndani. Aliandika hivyo hivyo: *Alikufa. Hakurudi.*

Hatua zikakoma.

Simu ikaita. Mama, kwa kilio: "Kapumua! Anadai chai, mpumbavu huyu!"

Heledd alijikalia sakafuni, machozi yakimtoka. Kisha akauliza polepole:

"Na mwizi? Alinaswa?"

Baba alinyoosha kidole kwenye kitabu kinene chekundu, kipya, rafuni.

Gwrgan alikuwemo, neno kwa neno. Ila mwisho mwizi alikuwa ameongeza sentensi moja yake, kuficha nyayo:

*Akiuawa, kaka zake sita humfuata aliyemuua.*

Harufu ya kisima ilipenya chini ya mlango.

Ko. Ko-ko. Ko...

"Andika, mwanangu! Andika wamekufa!"

Heledd aliinamia ukurasa, kalamu mkononi, akatafuta juu, akatafuta chini. Mwizi hata uvivu wake ni wa kuua: hakuwapa majina, na kamusi haimjui asiye na jina.

Angeandika amekufa nani?