Mama Mkwe Alinifungia Ghorofa ya Tano

Nimeshavaa raba, nimefunga kitambaa kichwani ambako nywele ndiyo kwanza zinachomoza... nashika kitasa. Mlango haufunguki.

Nasukuma. Wapi!

Nimefungiwa kwa nje! Ghorofa ya tano, hapa mtaani Shubra, mchana kweupe!

"Mama! Mama Nabawiya!"

"Nipo hapa kwa jirani," akajibu mama mkwe wangu, wala hana wasiwasi. "Mgonjwa hulala. Lala!"

Jamani, nieleweni. Nimekatwa titi kwa saratani. Nimemaliza dawa za kemo zilizoniacha hoi, hata kuinua birika ni kazi. Na daktari aliniambia kwa kinywa chake: "Inas, ukilala tu, uchovu utazidi. Tembea kila siku, pole pole. Shuka ngazi, panda ngazi."

Nyumbani nani anasikia? Nikitaka kufuata mkate, mama mkwe ameshashusha kapu kwa kamba kutoka roshani. Nyanya, kapu. Dawa zangu, kapu! Sawa, mtaa mzima unanunua hivyo. Lakini mimi nilikuwa naozea huku juu!

Nikampigia mume wangu, Wagdi.

"Mama ana nia nzuri, mpenzi. Pumzika."

Nia nzuri! Hasira zikanipanda mpaka masikio yakapata moto.

Nikachukua kisu jikoni, nikatoka roshani, nikashusha kapu nusu... nikakata kamba!

Puu! Mbele ya duka la mkate.

"Bi Nabawiya!" akapaza sauti Fathi, muuza mkate. "Leo kapu limeamua kuja lenyewe?"

Mtaa ukaangua kicheko. Mara ufunguo ukazunguka mlangoni.

"Umekata kapu langu?! Wewe mtoto una wazimu?"

"Sasa tuone nani atafuata mkate!"

Nilisubiri matusi. Hayakuja. Aliziangalia ngazi, akakaa palepale kizingitini, akaanza kulia.

"Nenda basi. Ukianguka huko chini nani atakufikia? Mimi na magoti haya?"

"Nani kasema nitaanguka?"

"Baba yake Wagdi alianguka pale kwa Fathi. Nilimwona nikiwa hapo roshani, kamba ya kapu mkononi... Mpaka nafika chini, wameshamfunika shuka."

Miaka yote niliyoolewa humu, sikuwahi kujiuliza kwa nini mama huyu hashuki hata kwenye harusi.

Hasira haikuisha, nisiwadanganye. Ila nilimpa mkono.

"Tushuke wote."

"Magoti, binti yangu..."

"Na mimi nguvu sina. Tutapumzika kila ghorofa."

Siku ile tuliishia ghorofa ya tatu, tunahema, tukarudi mikono mitupu. Maharage tukayala kwa kijiko!

Wagdi akaingia. "Mkate uko wapi?"

"Chini!" tukajibu wote wawili. "Kafuate!"

Siku tulipofika kwa Fathi, mama alisimama pale alipoangukia mumewe, akamsomea Fatiha. Kisha akachagua mkate kwa mkono wake mwenyewe, na kulalamika kwamba umeungua.

Sasa hivi ndiye ananigongea kila asubuhi. "Inas! Viatu!" Nikisema leo nimechoka, jamani tupumzike, hanisikii. Daktari ana huruma kuliko yeye!

Ndugu zangu, anayekufungia mlango kwa mapenzi, muulize anaogopa nini. Lakini ufunguo mnyang'anye kwanza!