Mjomba Aliyefichwa kwenye Fomu

Auleria ni fundi cherehani wa Kibamba. Yeye hushona, na binti yake Gladness hutia vifungo. Wiki ile Gladness alijichoma sindano mara tatu. Simu ikilia, anashtuka.

Kazi alikuwa ameipata. Ilikuwa kazi ya kutunza majalada katika taasisi moja ya kimataifa, kwa mkataba wa mwaka mmoja. Ijumaa alitakiwa kwenda kusaini. Angefurahi, jamani! Lakini hali, halali.

Kisa ni swali moja kwenye fomu ya maombi: "Una ndugu anayefanya kazi hapa?" Mjomba wake Wilbert ni dereva palepale. Gladness alijibu, "Hapana."

Jumanne jirani yao Sherbanu, yaani Mama Jawad, alikuja kuchukua gauni. Kabla ya kustaafu, alikuwa akiajiri watu kwenye taasisi kama hiyo.

"Mwanangu, mbona umepooza?" aliuliza.

Auleria alisimamisha cherehani, akamweleza yote. "Mie ndiye niliyemwambia aandike hivyo. Wangesema kabebwa. Wilbert naye kasema wakikutana ofisini wasijuane."

"Mwaka mzima asimwamkie mjomba wake?" Mama Jawad alicheka, kisha akakunja uso. "Na kwenye fomu hiyohiyo, mtu wa kupigiwa simu ukipata dharura, uliandika nani?"

"Mjomba," Gladness alijibu kwa sauti ndogo. Kwao kila fomu huandikwa namba ya mjomba.

"Mungu wangu!" Auleria alishika kichwa.

"Sikilizeni," alisema Mama Jawad. "Kuwa na mjomba kazini si kosa. Kila taasisi ina kanuni zake. Nyingine haziajiri mtoto au ndugu wa tumbo moja. Na ndugu hatakiwi kumsimamia ndugu. Ndiyo maana wanauliza. Kosa ni kuficha. Wakigundua, hata kama umeshaanza kazi, mkataba unaweza kuvunjwa."

"Kwa hiyo kazi nimeikosa?"

"Huenda. Sikudanganyi. Ila waandikie leo, kabla hujasaini. Taja jina lake na kazi yake. Omba radhi."

Gladness aliandika barua pepe papo hapo. Jumatano ikapita kimya. Auleria alishona mkono wa gauni la mteja ukiwa umegeuzwa ndani nje, akaufumua, akaukosea tena.

Alhamisi mchana jibu likaja. Gladness aliogopa kulifungua, mama akasoma: "Tumepokea marekebisho yako. Mjomba wako hakushiriki kwenye usaili, wala hatakusimamia. Njoo kesho usaini. Siku nyingine jibu kila swali kwa ukweli."

Auleria alilia palepale, akajifuta kwa kitambaa cha mteja.

Ijumaa Gladness aliusoma mkataba ukurasa kwa ukurasa, hadi tarehe ya mwisho wake. Ndipo akasaini.

Jumatatu alimkuta Wilbert getini akifuta kioo cha gari. Mjomba alipomwona, aligeukia pembeni kwa woga, kama walivyopanga mwanzo.

"Shikamoo, mjomba!" Gladness alisema kwa sauti, mbele ya walinzi wote.

Wilbert aligeuka taratibu. Kisha akacheka.

"Marahaba, mama. Karibu kazini."