Rubani Aliyeitwa Dereva

Kila siku baada ya shule, Kwanini alipitia nyumbani, akavua sare, akala, kisha akavuka barabara kwenda dukani kwa mjomba wake, fundi wa kompyuta. Kwanini halikuwa jina lake la kuzaliwa. Alibandikwa jina hilo na mjomba huyohuyo, maana tangu binti huyo ajue kusema, kila sentensi yake ilianza hivyo. Kwa nini feni hii inalia? Kwa nini skrubu hii ina kichwa cha nyota? Kwa nini umevaa soksi mbili tofauti, mjomba?

"Nilivaa gizani," mjomba alimjibu bila kuinua uso. "Haya, shika brashi."

Kazi ya Kwanini ilikuwa kupangusa vumbi. Duka lilikuwa chumba kimoja chembamba kinachonuka lehemu iliyoyeyuka, na nyaya zimening'inia ukutani kama nywele zisizochanwa. Humo ndani mjomba alikuwa na desturi moja asiyoivunja. Kabla hajagusa ugonjwa wa kompyuta yoyote, alinakili kila kilichomo ndani yake kwenye diski ya akiba, akaifungia diski hiyo ndani ya droo ambayo ufunguo wake haukubanduka shingoni mwake. Siku mwenye kompyuta akija kuichukua, mjomba aliifuta nakala hiyo mbele ya macho yake. "Siri za watu hazilali kwangu," alisema kila mara.

Siku hiyo mezani palikuwa na kompyuta ya kizamani, kioo chake kina kisogo kikubwa kama chungu. Kando yake palikuwa na kijiti cheusi kilichosimama juu ya kibao, kichwani kina kitufe chekundu.

"Ya nani hii, mjomba?"

"Ya yule mwokaji wa mikate wa kona ile. Ilikuwa haiwaki. Sasa nimeiacha iwake nione kama itapata joto." Mjomba alichukua kofia yake. "Nafuata waya, narudi sasa hivi. Wewe pangusa kwa nje tu. Usibonyeze kitu. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Na kweli walielewana, mpaka kioo kilipoanza kuonyesha mawingu.

Ilikuwa gemu ya ndege za vita, zile za zamani zenye panga puani. Anga lilikuwa la kijivu, ndege zimechorwa kwa vinukta vikubwa hata ungeweza kuvihesabu, lakini zilipopinduka upande, Kwanini naye aliinamisha kichwa upande. Alisogea. Brashi ikabaki hewani.

"Weee! Nini hicho?" Alikuwa Redio, rafiki yake wa darasani, mtoto asiyezimika akianza kusema. Aliingia bila hodi na kujipenyeza hadi mezani. "Ndege! Hebu bonyeza tuone."

"Nimekatazwa."

"Umekatazwa kubonyeza. Kugusa kidogo je?"

Kwanini aligusa kidogo. Ukafunguka ukurasa wa rubani. Jina lake lilikuwa Dereva. Alikuwa amesharuka mara nyingi sana, kifuani ana nishani, lakini mahali pa kuandika ndege za adui alizozidungua palikuwa na sifuri.

"Sifuri!" Redio alicheka hadi akashika mbavu. "Safari zote hizo hajaangusha hata moja! Huyu rubani au mtalii?"

Kwanini hakucheka. Alikunja paji la uso. "Sasa kwa nini amepewa nishani?"

"Labda ya uoga. Mtoe, weka jina lako, tuwaonyeshe kazi."

Gemu ile ilikuwa na kiti cha rubani mmoja tu. Kwanini alipoandika jina lake, kompyuta iliuliza kama ana hakika, kwa kuwa rubani wa zamani atafutika. Kidole chake kilisita. Kisha kikabonyeza ndiyo.

Alirusha ndege. Mara adui akatokea juu yake, naye akavuta kijiti kwa nguvu zote ili amfuate. Pua ikainuka, ikainuka, kisha ndege ikatetemeka na kuporomoka kama gunia. Alijaribu tena. Ikaporomoka tena. Walipoisikia sauti ya mjomba nje akisalimiana na majirani, Kwanini aliifunga gemu na kuokota brashi, na Redio akawa ghafla mpenzi mkubwa wa kutazama feni.

Mjomba aliweka waya mezani, akaishika kompyuta ubavuni kupima joto, akatabasamu. Alichukua simu.

"Ee, mwokaji! Imepona. Ndiyo, ile gemu ya marehemu mzee wako ipo. Huyo rubani wake nilimwona asubuhi kwa macho yangu, Dereva, na nishani yake. Njoo kesho uichukue."

Kwanini alipangusa mahali palepale alipokwisha pangusa.

Njiani kurudi nyumbani Redio alisema kwa kunong'ona, jambo ambalo si kawaida yake. "Kausha tu. Kompyuta yenyewe imezeeka, ikisahau nani atashangaa? Watasema ni uzee."

"Lakini nakala ipo kwenye droo," Kwanini alisema.

"Si ndiyo vizuri? Mwibie mjomba ufunguo akilala kitini, urudishe mambo kimyakimya."

"Uko shingoni kwake, Redio. Tena sijui hata pa kuanzia." Alisimama. "Na kesho mwokaji akishachukua kompyuta yake, mjomba ataifuta ile nakala. Hapo Dereva atakuwa hayupo popote."

Redio alipiga teke kijiwe, wakaendelea kutembea.

Kesho yake Kwanini alifika dukani akiwa na maneno yamejipanga mdomoni, lakini alimkuta mwokaji amekwisha fika. Alikuwa mtu mpana, unga umemganda hadi kwenye nyusi.

"Shikamoo," Kwanini alisema, na maneno mengine yote yakamkimbia.

"Marahaba, binti. Ndiye msaidizi wako huyu, fundi?"

"Ndiye bosi wangu," mjomba alisema. "Hebu iwashe, uhakikishe."

"Ah, nakuamini. Tanuri limewaka, mikate hainisubiri. Nitakwenda kumtazama mzee nyumbani, kwa raha zangu." Mwokaji alikipapasa kile kijiti kama anayemshika mtu mkono. "Ujue sina hata kanda yenye sauti yake. Lakini nikimwona Dereva pale, namwona mzee kakaa kitini, ananiambia nisimpigie kelele yuko angani."

Mjomba alivua ufunguo shingoni. Akafungua droo, akaitoa diski na kuichomeka kwenye kompyuta yake ya kazi. "Basi, kama ilivyo desturi, nafuta mbele yako."

Kidole chake kiliinuka.

"Mjomba, usifute!"

Wote wawili waligeuka. Kwanini alikuwa ameshika ukingo wa meza, na sauti iliyomtoka ilikuwa nyembamba kuliko waya. "Dereva hayupo tena humo. Mimi nimemfuta. Jana, ulipotoka. Nilibonyeza ndiyo."

Mwokaji aliketi polepole juu ya kasha.

"Umefuta?" aliuliza, si kwa ukali. Na hilo lilimuumiza Kwanini zaidi.

Mjomba hakumgombeza. Alishusha kidole, akaihamishia diski kwenye kompyuta ya mwokaji, akaanza kunakili. Walingoja. Mistari ilipita kiooni, mmoja, mwingine, kisha yakatokea mawingu ya kijivu, na ukurasa wa rubani ukafunguka. Dereva. Nishani. Sifuri.

Mwokaji alipumua hadi unga ukapeperuka kwenye masharubu yake. "Karibu tena, mzee."

"Nisamehe sana," Kwanini alisema. Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini swali nalo lilikuwa linamsukuma, na lilishinda. "Samahani, kwa nini ana sifuri?"

Mwokaji alimtazama, kisha akacheka kwa sauti nene. "Mzee alikuwa dereva wa gari la wagonjwa maisha yake yote. Alisema, 'Mchana kutwa nabeba walioumia, nije nyumbani niumize wengine?' Kwa hiyo alichagua kusindikiza. Zile ndege kubwa za mizigo, alizizunguka kama kuku na vifaranga. Adui akija, anajiweka katikati, anamzungusha mpaka mafuta yamwishie, arudi kwao. Nishani ile ni ya kurudisha wote salama."

"Nami nilidhani ni mwoga," Kwanini alisema kwa aibu.

"Na ndege yako ilikuwa inaanguka kila ukipanda, sivyo? Kila mtu huanza hivyo. Unavuta kijiti kama unang'oa muhogo. Sukuma pua chini kwanza, upate mwendo, ndipo upande."

Mjomba alivuta kiti, akaketi mbele ya mpwa wake macho kwa macho.

"Nisikilize. Mimi ndiye niliyekupa jina la Kwanini, na silijutii. Kuuliza si kosa. Jana uliona kitu usichokielewa, ukakifuta kabla ya kukiulizia, tena baada ya mimi kukukataza. Hapo umekosea, na wiki hii utapangusa hata viatu vya wateja. Lakini leo umesema kabla sijabonyeza. Ungengoja mwokaji afike nyumbani, ukweli wako ungekuwa wa kulilia tu, usingetibu kitu. Ukikosea, sema wakati bado kuna la kufanya."

"Ndiyo, mjomba."

Safari hii mwokaji aliikagua kompyuta yake vizuri kabla nakala haijafutwa. Kisha akaikumbatia kifuani pamoja na kisogo chake kikubwa, akageukia mlangoni. "Binti, Jumamosi pita na mjomba wako kwenye tanuri. Nitakutengenezea nakala yako ya gemu, uandikishe rubani wako mwenyewe."

Jumamosi Kwanini alisukuma pua chini, akapata mwendo, akapanda juu ya mawingu ya kijivu bila kuanguka. Chini yake ndege kubwa ya mizigo ilikwenda polepole. Adui akatokea upande wa jua.

"Mpige! Mpige!" Redio alipiga kelele nyuma ya kiti.

"Usinipigie kelele," Kwanini alisema, akiizungusha ndege yake taratibu hadi katikati. "Niko angani."