Kipimajoto cha Mama Mdogo

Dorkas ni jirani yetu hapa Issuna, na haya aliyasimulia mwenyewe, mchana kweupe, akichambua mlenda.

Jumamosi ile ilianza kama nyingine. Alichemsha maji ya kunywa, akanawa mikono kwa sabuni, akampelekea uji mama yake mdogo, Magdalena, aliyekuwa amerudi kutoka kwenye dripu ya tatu ya dawa ya saratani. Muuguzi wa mjini alikuwa amemkabidhi Dorkas kipimajoto cha kioo na daftari. "Dawa hii inashusha na kinga ya mwili," alimwambia. "Mpime asubuhi na jioni. Ikifika thelathini na nane, usimpe panadoli ukasubiri. Mlete siku hiyohiyo."

Asubuhi hiyo kilisoma thelathini na nane na nusu.

Ilikuwa siku ya sendofu ya rafiki yake Jesca, sherehe ya kumuaga kabla ya ndoa, na gauni lilikuwa limeshapigwa pasi. Dorkas alikuwa na miaka ishirini, na miezi mitano ya kuuguza bila kutoka.

"Nasikia baridi kidogo tu," Magdalena alisema. "Nenda, mwanangu. Uniletee pilau."

Dorkas alikikung'uta kipimajoto mpaka zebaki ikashuka. Akaandika thelathini na saba. Akaenda.

Aliporudi na pilau, mgonjwa hakumtambua. Alikata roho alfajiri, kabla hawajafika mjini.

Msibani watu walikumbuka nywele. Zilipokuwa zikinyonyoka kwa ile dawa, jirani yao Mosi, mjane mzee, ndiye aliyekuwa akiziokota kwenye mto na kuondoka nazo. "Nywele za mgonjwa unazipeleka wapi?" wanawake walinong'ona. Sostenes, mume wa marehemu, akamwita Dorkas pembeni.

"Alikuwa na homa?"

"Hapana, baba mdogo. Angalia daftari."

Wiki hiyohiyo mawe yalirushwa kwenye bati la Mosi. Bibi akafunga mizigo yake ahamie Itigi kwa binti yake. Alipopita, Dorkas hakuweza kunyamaza.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu," akajibu, kama siku zote.

Mwezi wa saba upepo wa baridi ulianza. Dorkas aliingia kufagia chumba cha marehemu. Kipimajoto kilikuwa dirishani, ndani ya kikombe. Kilisoma thelathini na nane na nusu.

Alikikung'uta. Kesho yake, vilevile. Akakiviringisha kwenye kanga, akakifungia sandukuni. Asubuhi, vilevile. Chumba kilikuwa baridi. Kitanda kilikuwa kitupu. Kioo kilikuwa na joto la kwapa.

Siku ya saba kilikuwa kimelowa jasho.

Alimfuata Sostenes zizini, akapiga magoti kwenye samadi, akasema yote. Mzee hakumpiga.

"Na mimi nilitaka mkosaji awe Mosi," alisema taratibu. "Ilikuwa nafuu kwangu."

Walikwenda Itigi kumwomba radhi. Mosi hakukubali kurudi. "Mlishanifanya mchawi. Sasa mnataka niwe nani?" Kisha akainamisha kichwa. "Nywele zake nilizifukia nyuma ya jiko lenu, chini ya mti wa mnyaa. Aliniomba mwenyewe. Hakutaka zikanyagwe."

Walifukua asubuhi, upepo ukiwachapa. Kilitoka kifurushi cha kitambaa. Sostenes alikigusa, akaurudisha mkono haraka.

Kilikuwa cha moto.

Dorkas alikifungua. Nywele zilikuwa zimelowa, kama zimetoka kichwani sasa hivi. Alichomeka kipimajoto katikati yake. Wakangoja.

"Soma," Sostenes alinong'ona.

Safari hii alisoma kwa sauti.

"Thelathini na nane na nusu."

Wakazifukia tena palepale. Tangu siku hiyo kipimajoto hakijapanda. Ila asubuhi za baridi, ukipita nyuma ya jiko lile, utawakuta kuku wote wamejikusanya chini ya mnyaa, wamelalia udongo, macho wameyafumba. Ukiwafukuza, wanarudi.