Ridhaa ya Baba Mdogo

Saa nane na dakika ishirini mchana, katika nyumba ya Cleophace huko Rugu, mtoto wa siku sita ambaye hakuwa amepewa jina aligeuza shingo kama mtu aliyeitwa.

Mama yake, Ainembabazi, karani wa mahakama ya mwanzo, hakupiga kelele. Alikuwa na mazoea ya kupima ushahidi kabla ya kuuamini. Huenda ni upepo. Huenda ni tumbo. Lakini migomba nje haikutikisika, na mtoto hakulia. Alikuwa ameukazia macho ukuta mtupu, na chumbani mlikuwa na harufu ya nywele zilizoungua.

"Shemeji," alimwita Winston aliyekuwa sebuleni. "Asubuhi ulipoingia humu, ulifanya nini?"

Winston, mdogo wa mumewe Cleophace, alikuwa mfanyabiashara wa Bukoba. Alikuja akiwa amevaa miwani yenye akili bandia, ambayo humtambua kila anayetazamwa na kumnong'oneza mvaaji jina lake. Kaka yake hakuwapo. Alikuwa Kituntu kwenye mkutano wa wakulima wa kahawa. Kwa desturi ya nyumba hiyo, kabla kitovu hakijaanguka mtoto huonwa na watu wa ndani tu, na baba mdogo ni mtu wa ndani. Hakuna aliyefikiri kuihesabu miwani kuwa mgeni.

"Sikufanya kitu," alijibu akiingia chumbani. "Miwani iliuliza kama mtoto ni wangu. Nikasema ndiyo. Ningesema wa jirani?"

"Kisha?"

"Ikauliza kama naridhia uso wake uhifadhiwe. Nikaridhia. Ikanitajia jina lake."

"Hana jina, shemeji."

"Ndiyo maana nilicheka."

"Jina gani?"

Winston alifungua kinywa, lakini jina likatamkwa kwingine. Lilitoka migombani, nyuma ya dirisha, kwa sauti ya Winston mwenyewe, polepole, ilhali Winston alikuwa amesimama mbele yao midomo wazi na ulimi umetulia. Na mtoto, ambaye shingo yake haikuwa na nguvu hata ya kubeba kichwa, akakigeuza tena kuelekea dirishani.

Bibi wa mtoto, Beata, aliyeketi mlangoni, aliangusha kisu alichokuwa akimenyea ndizi. Akatoka mbio kumwita Salvina, mkunga na mganga aliyeishi ng'ambo ya shamba.

"Shikamoo, mama," Ainembabazi alisema Salvina alipoingia.

"Marahaba." Salvina alimpakata mtoto, akamnusa utosini. "Hili ni jini," akasema kwa sauti ya chini.

"Una uthibitisho gani?"

"Inamia hicho kioo cha miwani."

Miwani ilikuwa mezani pale Winston alipoiacha, imekunjwa. Ainembabazi aliinama akitarajia kuuona uso wake, na badala yake akauona uso wa mwanawe aliyekuwa mikononi mwa Salvina upande wa pili wa chumba, wenye alama ileile juu ya nyusi, ila ulikuwa wa mtoto wa miaka mitatu, kisha wa kijana mwenye ndevu changa, kisha wa mzee aliyenyauka mashavu, na nyuso zote hizo zilichezesha midomo zikijifunza jina lile, kana kwamba maisha ambayo mtoto hajayaishi yalikuwa yamekwisha kusomwa na mwingine hadi ukurasa wa mwisho.

"Naivunja!" Ainembabazi alisema.

"Ukiivunja, uso unabaki kwake. Jini hili haliibi, mwanangu. Hupewa. Aliyetoa ndiye abatilishe."

"Shemeji hakuwa na mamlaka. Wazazi ni mimi na Cleophace."

"Hiyo ni mahakamani kwako," Beata alinong'ona. "Hapa baba mdogo ni baba. Kauli yake haikatwi."

"Na ndiyo maana limeikubali," Salvina alisema. "Ili ridhaa iwe batili, Winston amkane mtoto. Mara tatu, mbele ya mama aliyemzaa. Akishamkana, si baba yake tena. Hatampakata, hatamwozesha, hatasimama kaburini kama mzazi."

Winston alimgeukia Beata, mama yake. "Maawe, nimkane mtoto wa kaka?"

Sauti iliita tena, sasa ikiwa karibu sana na nyavu za dirisha. Midomo ya mtoto ilianza kugeuka bluu, ikijikunja kutafuta umbo la jibu.

"Mkane!" Beata alilia. "Mkane, tata, mwanangu, upesi!"

"Si wangu," Winston alisema. "Si wangu. Sina mtoto katika nyumba hii."

Mtoto alilia. Harufu ikakatika. Ainembabazi alimnyakua, akamwekea mdomo sikioni, akampa jina la Rogasian kabla mtu mwingine hajampa lolote.

Winston alikaa kizingitini akifuta machozi kwa kiganja. Ndipo kutoka migombani sauti ikauliza, kwa adabu ya mgeni anayebisha hodi: "Winston?"

Salvina alitikisa kichwa.

"Shemeji," Ainembabazi alisema, "siku ulipoivaa mara ya kwanza, nani aliridhia uso wako uhifadhiwe?"

"Mimi mwenyewe."

"Ulilazimishwa?"

"Hapana."

"Ulikuwa umelewa?"

"Hapana, shemeji. Iliuliza kwa Kiswahili, mara mbili."

Sauti iliita tena, na Ainembabazi, mtoto kifuani, akaendelea kutafuta kasoro: mtu mzima, akili timamu, mwenye uso wake. Aliipitia ridhaa ile kama alivyozoea kupitia hati, neno kwa neno. Haikuwa na kasoro.