Mstari Uliokosekana kwenye Karatasi ya Eutimio

Mwezi wa tisa kijiji chote cha Peña Honda hunukia pilipili za kuchoma. Ubaldina Archuleta alikuwa barazani na gunia zima la kumenya. Mumewe, Eutimio, alikaa upande wa pili wa beseni akimenya kwa mkono wa kulia. Mkono wa kushoto ulilala mapajani. Tangu Eutimio aliporudi kutoka vita vya Vietnam, mkono huo haupandi juu ya bega. Kila asubuhi Ubaldina humvalisha shati, akianza na mkono huo. Amefanya hivyo miaka thelathini na saba bila kumwambia mtu.

Leandro Quintana akasimamisha gari lake mbele ya nyumba. Leandro naye alikuwa askari, wa vita vya baadaye, na ndiye mkuu wa kamati ya ukuta. Kijiji kilikuwa kinajenga ukuta wa mawe wenye majina ya wanajeshi wake wote. Kando ya jina la kila aliyejeruhiwa na adui, fundi angechonga moyo mdogo. Moyo huo ni alama ya nishani ya Moyo wa Zambarau, ile wanayopewa askari waliojeruhiwa au kuuawa na adui vitani.

Leandro aliomba karatasi ya Eutimio ya kuachishwa jeshi. Karatasi hiyo ndiyo inayoonyesha askari alitumikia wapi na alipata nishani gani. Eutimio akamwambia mkewe ailete. Ubaldina alifuta mikono taratibu sana. Alikuwa na sababu ya kutotaka kuitoa, ila hakuisema. Aliingia ndani, akaileta, akampa Leandro bila kumtazama.

Jumapili iliyofuata, baada ya Misa, Leandro alisimama kwenye ngazi za kanisa kusoma orodha. Mimi, jirani yao, nilikuwepo. Alipofika kwa Archuleta akakunja uso.

“Karatasi ya Mzee Eutimio ina tatizo,” alisema. “Mstari wa Moyo wa Zambarau umepigwa kwa taipu nyingine. Herufi zake ni kubwa kuliko za mistari mingine. Kamati haiwezi kuchonga moyo kwa karatasi iliyochezewa.”

Angeweza kumwita pembeni. Angeweza kwenda nyumbani kwake. Aliamua kusema mbele ya watu sitini, na wengine wakaanza kutazama viatu vyao. Eutimio aliichukua karatasi, akaitazama kwa muda mrefu, akaikunja, akaondoka kwa miguu. Hakujitetea hata kidogo. Hilo ndilo lililowafanya watu waamini kwamba yeye ndiye aliyeichezea.

Nyumbani aliiweka karatasi juu ya meza.

“Ni wewe?” alimuuliza mkewe.

“Ni mimi.”

“Lini?”

“Mwaka sabini na nne. Nilikuwa karani pale shuleni. Siku moja niliisoma karatasi yako, nikaona nishani yako haimo. Na nishani iko kabatini. Na bega lako liko hapa, nalivalisha shati kila siku. Nikawaka. Nikaitia kwenye taipu nikaandika ukweli.”

“Umenifanya mwongo kwa jambo la kweli,” alisema Eutimio.

Akatoka kwenda kupasua kuni kwa mkono mmoja, akazipasua mpaka zikazidi mahitaji ya msimu wote wa baridi. Wiki tatu hakusema na mkewe ila ya lazima. Dukani watu walimsalimia haraka haraka na kugeuka. Lakini kwa mtu yeyote, hata kwa ndugu zake, hakusema ni nani aliyepiga mstari ule. Ubaldina aliliona hilo, na likamkosesha raha kuliko ule ukimya.

Wiki ya nne alimwambia mumewe kwamba katika jengo la kaunti kuna afisa anayewasaidia wanajeshi wastaafu, na kwamba huduma yake ni bure. Eutimio alijibu kwamba amechoka na karatasi za serikali. Ubaldina akavaa koti na kukaa ndani ya gari mpaka mumewe akaja.

Afisa huyo aliitwa Zoraida Maestas. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha, na kabla ya kazi hiyo alikuwa karani jeshini miaka kumi na miwili. Aliishika karatasi, akaisogeza karibu na dirisha, akavua miwani.

“Nani amepiga hii?”

“Mimi,” alisema Ubaldina.

“Mama, unajua kuongeza neno lolote kwenye karatasi hii ni kosa la jinai?”

“Sasa najua.”

“Basi karatasi hii imekufa. Usimwonyeshe mtu mwingine. Hata mistari yake ya kweli sasa haiaminiki, kwa sababu ya huu mmoja.”

Zoraida alimgeukia Eutimio na kumtaka aeleze jinsi alivyopata nishani. Eutimio alieleza kwa ufupi. Lori lao lilikanyaga bomu lililofukiwa na adui barabarani. Vipande vya chuma vikaingia begani. Akalazwa hospitali ya jeshi. Asubuhi moja afisa mkubwa alipita wodini na sanduku, akawa anabandika nishani kwenye mito ya wagonjwa, kitanda kwa kitanda. Siku mbili baadaye Eutimio alisafirishwa kwa ndege hadi hospitali ya Japani.

“Amri ya maandishi ulipewa?” aliuliza Zoraida.

“Nilipewa nishani. Amri sikuiona.”

Hapo Zoraida alieleza kosa lilipotokea. Nishani ni chuma na utepe tu. Kinachohesabiwa ni amri iliyoandikwa na kutiwa kwenye jalada la askari. Huenda amri ya Eutimio ilitumwa kwenye kikosi chake wakati yeye hayupo tena huko, ikapotea. Siku ya kuachishwa jeshi, karani hunakili yaliyomo kwenye jalada. Hamuulizi mtu bega lake limepatwa na nini.

“Ulisoma kabla ya kutia saini?” aliuliza.

“Basi lilikuwa getini, limeshawashwa. Tulikuwa vijana thelathini tunataka kwenda kwetu. Karani alisema anayetaka kusahihisha kitu abaki mpaka Jumatatu.”

“Na hakuna aliyebaki.”

“Wewe ungebaki?”

Zoraida alivaa tena miwani yake. Kisha akasema, “Mimi mwenyewe nimewaambia vijana maneno hayo hayo. Mara nyingi. Nilikuwa nataka kuwahi chakula.” Akafungua droo kwa nguvu, akatoa fomu. “Kaa, mzee. Hii tutaijaza sasa hivi.”

Aliwaeleza hatua moja moja. Kwanza, waombe nakala safi ya karatasi kutoka hifadhi ya kumbukumbu za wanajeshi, pamoja na jalada zima na kumbukumbu za matibabu. Mwenyewe ndiye anayetia saini. Kama amekufa, mjane au mtoto wake anaweza kuomba. Katika barua hiyo hiyo waombe nishani iliyosahauliwa iingizwe. Watume nakala tu za vielelezo, na karatasi halisi zibaki nyumbani. Wakikubaliwa, karatasi ya zamani haifutwi. Hutolewa karatasi ya nyongeza inayotaja kilichosahauliwa, na hizo mbili hukaa pamoja daima.

Jibu lilikuja baada ya miezi mitano. Bahasha ilikuwa nene, na barua ya juu ilikuwa fupi. Amri ya nishani haikuonekana, kwa hiyo nishani haiwezi kuingizwa. Ubaldina aliisoma akiwa amesimama. Alitaka kuichana. Alisema watu hao waje wamvalishe Eutimio shati asubuhi moja, halafu waandike tena barua yao. Eutimio alisema haya ndiyo aliyoyajua tangu mwanzo.

Walimpelekea Zoraida bahasha yote. Barua hakuitilia maanani. Alifukua jalada mpaka akakuta kadi ya hospitali.

“Soma hapa, mama. Vipande vya chuma, bega la kushoto, na tarehe. Daktari ameandika jeraha. Hakuandika nani alilisababisha. Kwao inaweza kuwa ajali ya jikoni.”

“Ajali ya jikoni,” alirudia Ubaldina.

“Usinikasirikie mimi. Wao hawajasema Eutimio hakujeruhiwa. Wamesema hawajaona. Tuwaonyeshe. Tunataka mtu aliyeshuhudia kwa macho yake, na karatasi ya siku zile zile inayotaja adui. Na hata wakikataa tena, iko bodi ya kusahihisha kumbukumbu. Tutakwenda huko.”

Kisha akauliza kama wazazi wa Eutimio walipata telegramu alipojeruhiwa. Eutimio alisema walipata, lakini mama yake aliipeleka kwa mtakatifu.

Sisi wa Peña Honda tuna desturi hiyo. Mtoto akiwa vitani, mama hubandika picha yake kwenye vazi la mtakatifu kanisani, au barua, au chochote chenye jina lake. Hakitolewi. Vazi likichakaa, vitu vyote huwekwa kwenye kasha la mbao nyuma ya altare. Mtu mwingine angeiweka telegramu ile kwenye droo ya nyumbani. Kwetu haikumpitia mtu akilini kwamba ni ushahidi. Ilikuwa sala.

Ufunguo wa kanisa hushikwa na familia tofauti kila mwaka. Mwaka huo ulikuwa kwa Leandro Quintana.

Ubaldina alikwenda peke yake. Leandro alifungua mlango na kuanza kueleza kwamba yeye alifuata tu utaratibu wa kamati.

“Sikuja kusikia utaratibu,” alisema Ubaldina. “Mimi ndiye niliyekuandikisha shule ukiwa na kamasi mpaka kidevuni, na sikukusema mbele ya watu. Nipe ufunguo wa kanisa.”

Leandro hakumpa. Alikwenda naye. Walipiga magoti mbele ya kasha, wakatoa picha za vijana waliovaa sare, mikufu, vyeti vya ubatizo. Telegramu ilikuwa chini kabisa, manjano, ina matundu mawili ya pini. Leandro ndiye aliyeisoma. Jeshi lilikuwa linamwarifu mama kwamba mwanawe Eutimio amejeruhiwa na bomu la adui akiwa safarini kwenye lori, tarehe ile ile iliyo kwenye kadi ya hospitali.

Leandro aliirudia mara mbili. Masikio yake yakawa mekundu.

“Bibi Ubaldina, mimi sikujua.”

“Hukuuliza,” alisema Ubaldina, akamnyang'anya.

Zoraida, kwa kupitia chama cha wastaafu wa kikosi cha Eutimio, alimpata Wendell Stroud, aliyekuwa dereva wa lori lile. Wendell aliandika aliyoyaona kwa macho yake, bila kupamba: siku, barabara, mlipuko, nani alikuwa wapi. Akatia saini. Chini kabisa aliongeza kwamba yeye mwenyewe aliumia mguu siku hiyo, na karatasi yake haitaji nishani yoyote kwa jeraha hilo.

Nakala zote zikatumwa. Wakasubiri miezi saba. Mapema mwezi wa kumi na moja karatasi ya nyongeza ilifika, na ndani yake palikuwa na mstari mmoja: Moyo wa Zambarau. Herufi zote zilikuwa sawa.

Leandro alifika jikoni siku hiyo hiyo, kofia mkononi. Alisema fundi ataanza kuchonga Jumatatu, na kwamba anaomba radhi. Eutimio alikuwa karibu kumpa mkono. Ubaldina akaingilia kati.

“Ulimwita mwongo mbele ya kanisa. Hutakuja kumsafisha jikoni.”

Jumapili Leandro alisimama kwenye ngazi zile zile. Alisoma karatasi ya nyongeza kwa sauti, akasema nishani ya Mzee Eutimio ilikuwa halali tangu mwanzo, na kwamba yeye Leandro alimkosea. Watu walipiga makofi. Mimi sikupiga. Niliwatazama wale waliokuwa wakigeuka dukani, nao walikuwa wakipiga kwa nguvu kuliko wote.

Kisha Ubaldina akapanda ngazi. Hakuna aliyemwita.

“Mstari wa kwanza niliupiga mimi,” alisema. “Siyo yeye. Nilidhani nausaidia ukweli, nikauharibu. Yeye alijua tangu siku ile mliyomtazama vibaya. Amenyamaza mwaka mzima ili msinitazame mimi. Sasa nitazameni.”

Eutimio alipanda ngazi polepole akasimama karibu naye, na hivyo ndivyo walivyosimama mpaka watu wakaanza kuondoka.

Ikiwa nyumbani kwenu kuna karatasi ya namna hii, itoe leo uisome mstari kwa mstari. Ukikuta pengo, usiliguse kwa kalamu wala kwa taipu. Mtafute mtu kama Zoraida. Na uulize mapema, maana mashahidi wanazeeka, na ofisi hazina haraka.

Mchana wa Jumapili ile Eutimio alikaa mezani kuandika ushahidi wa kumsaidia Wendell. Hakuwa na uso wa mtu aliyeridhika. Alisema mguu wa yule bwana umengoja karibu miaka arobaini kwa sababu ya karani mwenye njaa. Ubaldina alimletea kalamu na karatasi nyeupe, akaviweka mbele yake, kisha akaenda kukaa kwenye kiti cha mbali, mikono kwapani.

“Andika wewe ulichokiona,” alisema. “Mimi karatasi za jeshi sizigusi tena.”

Eutimio alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msimu wa pilipili wa mwaka uliopita. Akainama, akaandika tarehe.