Upindo wa Gauni la Chiku

Uweso alikuwa mshonaji, lakini hakushona nguo. Alishona magunia.

Kila asubuhi alitoka nyumbani kwake Chumbageni, akaenda bandarini kwenye ghala la mbata, zile nazi zilizokaushwa. Gunia likijaa, yeye hulifunga mdomo kwa shazia, ile sindano nene ya chuma, na kamba ya katani. Alikuwa hodari hasa. Wenzake walisema gunia lililopita mikononi mwa Uweso hata panya halifumui.

Jioni alirudi kwa binti yake, Chiku. Walikuwa wawili tu. Mama yake Chiku alifariki masika yaliyopita. Tangu hapo Uweso ndiye aliyepika, ndiye aliyefua, ndiye aliyemsuka mtoto nywele, ingawa mistari ilikwenda kombo. Chiku hakulalamika.

Siku moja, katikati ya Ramadhani, jamaa mmoja alifika kutoka Moa na salamu za Mwanamkasi, dada mkubwa wa Uweso.

"Dada yako anakuja kula Idi hapa," alisema yule jamaa. "Anasema mwanamume hawezi kulea mtoto wa kike. Akimkuta Chiku na matambara mwilini, anaondoka naye akamlee Moa."

Uweso aliitikia salamu, lakini akamtazama Chiku kwa wasiwasi. Dada yake akisema jambo, amesema. Na gauni la Chiku lilikuwa limechanika mgongoni, kila mtu aliliona.

"Baba, mimi sitaki kwenda Moa," alisema Chiku.

"Huendi, mwanangu. Nitakupa gauni jipya."

Alikwenda kwa mafundi wa cherehani. Wote walikuwa wamejaa kazi za Idi, hawapokei tena. Akarudi na kipande cha chiti ya buluu yenye maua meupe. "Nitashona mwenyewe," akasema. "Kwani baba yako si mshonaji?"

Alikitandaza kitambaa juu ya mkeka. Akakumbuka maneno ya marehemu mkewe: "Chiku ni shibiri nne kutoka begani." Basi akapima shibiri nne kwa kiganja chake. Akakata kwa kisu cha jikoni. Akatoa shazia, akachambua kamba ya katani iwe nyembamba, akashona kama alivyojua yeye, kwa nguvu.

Chiku alilivaa. Jamani! Chini lilifagia sakafu. Kwapani lilibana. Kila shazia ilipopita palibaki tundu, na katani ilimchoma ubavuni.

"Zuri, baba," alisema Chiku.

Mtoto yule alikuwa na huruma kuliko umri wake. Siku ile yote alishinda ameishusha mikono, maana akiinyanyua tu, nguo ingepasuka na baba angesikia.

Jioni alipita mbele ya nyumba ya jirani, Mama Tadeo. Jina lake Praxeda, mwenyeji wa milimani upande wa Amani, mume wake akifanya kazi reli. Alijifunza kushona kwa mkono misheni, na watoto wake wote alikuwa akiwavisha mwenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Njoo uchukue ndizi hii."

Chiku alitamani ile ndizi, lakini hakuunyosha mkono. Mama Tadeo akamtazama vizuri. Akaiona katani, akayaona matundu.

"Nani kakushonea?"

"Baba," alijibu Chiku, na machozi yakamtoka. "Usimwambie kama linanibana. Shangazi akiliona, atanichukua."

Mama Tadeo akamshika mkono, akampeleka moja kwa moja barazani kwa Uweso.

"Baba Chiku, hodi! Hili gauni au gunia?"

Uweso aliinama. Aibu ilimjaa. "Mama Tadeo, nilipima kama alivyopima mama yake. Shibiri nne."

"Shibiri ya nani?"

Uweso akautazama mkono wake mpana. Akaukumbuka mkono wa mkewe, ulivyokuwa mdogo.

"Basi, hukukosa kwa ubaya," alisema Mama Tadeo kwa upole. "Shazia ni chombo kizuri, lakini ni chombo cha gunia. Nguo ina vyombo vyake. Marehemu hakuacha vifaa?"

Uweso akaingia ndani, akatoka na kopo la biskuti. Hakuwahi kulifungua tangu msiba. Mama Tadeo alilipokea kwa mikono miwili.

Akatoa sindano. "Hizi zimeota kutu. Sindano ya kutu huchafua nguo na kukwama. Nunua nyembamba, mpya. Uzichomeke kwenye kitambaa kilichopakwa mafuta kidogo, zisipate kutu tena."

Akauvuta uzi, ukakatika. "Huu umeoza. Uzi mzuri ukiuvuta hukataa kukatika. Chukua wa pamba, rangi ifanane na nguo."

Mkasi ulikuwa mzima, ila umekuwa butu. "Upeleke ukanolewe. Halafu usikatie tumbaku wala karatasi, utakufa makali. Huu uwe wa kitambaa tu."

"Na hii?" Uweso aliuliza, akishika utepe wenye namba.

"Hiyo ndiyo futi ya kushonea. Mikono ya watu haifanani, lakini futi ni ile ile kwangu na kwako. Mpime mtoto mwenyewe: bega, kifua, kwapa, urefu. Kisha chora kwa chaki na ubane kwa pini ndipo ukate."

Chini kabisa kulikuwa na subana, kile kikofia cha chuma cha kuvaa kidoleni ili sindano isikuchome. Uweso alijaribu. Kiliingia kidole cha mwisho tu.

"Nunua yako," alisema Mama Tadeo. "Hiyo mwekee Chiku. Atakuja kuihitaji."

Kesho yake kazi ikaanza. Wakafumua katani yote. Uweso akalifua gauni, akalipiga pasi ya mkaa, na matundu mengi yakajifumba. Wakapanua kwapa kwa mkasi. Mshono mpya ukapita ndani kidogo ya ule wa zamani, ili matundu yaliyobaki yasionekane.

"Kwanza piga bandi," alielekeza Mama Tadeo. "Mishono mirefu ya kushikilia tu. Mtoto ajaribu. Likikaa sawa, ndipo ushone midogo midogo ya kudumu."

Wapita njia hawakosi maneno. "Uweso, umekuwa mwali siku hizi!" mmoja alimtania.

"Hao mafundi unaowabembeleza wakushonee kanzu ya Idi ni wanawake?" Mama Tadeo alimjibu. Yule bwana akaenda zake.

Ukabaki ule urefu wa kufagia sakafu. Uweso akashika mkasi akate.

"Usikate!" alisema Mama Tadeo. "Mtoto anakua. Pinda."

Uweso akapinda upindo mpana, akaushona taratibu, na subana yake kidoleni.

Idi ikafika, na Mwanamkasi akafika na kikapu kitupu cha kuchukulia nguo za mtoto. Hakukaa hata kidogo. "Chiku, hebu simama nikuone. Nyanyua mikono."

Chiku akainyanyua yote miwili, juu kabisa. Hapakuchanika kitu.

Mwanamkasi akakagua mishono nje na ndani. "Nani kashona?"

"Baba."

"Huyu baba yako wa magunia?" Akaukamata upindo. "Na kitambaa chote hiki kimekunjwa cha nini, Uweso? Si israfu hii?"

"Cha mwakani, dada," alijibu Uweso. "Na mwaka wa pili. Kila Chiku akirefuka, nitaushusha."

Mwanamkasi alibaki ameushika upindo ule. Aliutazama, akamtazama ndugu yake, na macho yakamlowa. Alikuja akidhani atamkuta mtu aliyeshindwa.

"Basi mtoto ana baba," alisema mwishowe, akakisukuma kikapu pembeni.

Baada ya pilau Mwanamkasi alianza kuificha shela yake iliyofumuka ukingoni, Uweso asiione. "Mimi sina haja ya kushonewa... lakini kama uzi mweusi upo..." Kisebusebu na kiroho papo! Chiku akacheka, akakimbia kulileta kopo.

Idi ya mwaka uliofuata Uweso alifumua upindo, akaushusha vidole viwili, akaushona tena. Chiku alikuwa amekaa ubavuni pake barazani. Yeye ndiye aliyemtungia uzi.